Ua la Jaani

Akriliki hukauka kabla hujaamua. Hilo ndilo jambo la kwanza nililojifunza kuhusu dunia, na usiniulize la pili maana la pili sina. Rangi ya mafuta ina subira: leo unaipaka, kesho unajuta, keshokutwa unaifuta kwa kitambaa na hakuna aliyejua. Akriliki, ebo! Unageuka kupiga chafya, ukirudi imeshakuwa ngozi. Haifutiki. Ukiichukia huna la kufanya ila kuifunika kwa nyingine, na ile ya chini inabaki palepale, imenyamaza tu. Ndiyo maana Wenye Lango, watawala wetu, waliipenda, wakapiga marufuku rangi nyingine zote.

Mji wenyewe siutaji. Una tabia ya kubadili jina ukishalizoea, na asubuhi zake hazifuatani: mara nyingine inakuja asubuhi ya leo, mara nyingine inarudi ya utotoni mwako, na wewe unaamka ukitafuta viatu vya shule na mvi kichwani. Tumezoea. Tusilolizoea ni kwamba watu hupotea. Sisemi hufa, kufa tungekujua, tungelia, tungezika, tungepika pilau ya hitima. Hupotea. Mtu anatoka kwenda kununua chumvi, chumvi inarudishwa mlangoni imefungwa vizuri, yeye harudi.

Basi jamaa zake huenda Langoni. Ni ukuta mrefu wenye mlango mmoja ambao hakuna aliyewahi kuuona wazi. Mbele yake hukaa Mjumbe, kijana mpole, shati limepigwa pasi, maneno yake laini utadhani anakuposa. Unamwambia, mtu wangu yuko wapi? Naye hujibu vilevile siku zote: "Unauliza, au unasema tu?" Ukisema unasema tu, unarudi kwako salama. Ukisema unauliza, ukuta mzima unakutolea macho, na tangu hapo usingizi wako si wako. Lakini mtu wako anabaki. Hii ndiyo sheria wasiyoiweza hata wao: maadamu kuna mdomo mmoja unaouliza, anayeulizwa yupo. Yupo wapi, yupo vipi, sijui. Yupo.

Kumwondoa kabisa wana njia moja. Wanaagiza ua lake.

Kila mtu hapa ana ua. Kitovu cha mtoto kikidondoka kinazikwa, na ua linalochanua karibu na pale ndilo lake hadi mwisho. Wenye viwanja wana waridi, wana asumini, wana kilua kinachonukia mpaka kwa jirani. Sisi tulikuwa wapangaji, na mpangaji hana ardhi ya kufukia hata ukucha. Mama yangu alikichukua kitovu changu akakizika jaani, penye majivu na maganda, ambapo maboga huota yenyewe bila kuombwa. Watu walicheka wakachoka. Nilipozaa na mimi, bado mpangaji, nilikwenda jaa lilelile nikazika cha binti yangu. Wakacheka upya.

Mchoraji akilimaliza ua la mtu, na rangi ya mwisho ikakauka, mwenye ua huyo anatoka vinywani mwa watu. Anatoka vichwani. Jirani yangu Bi Chausiku alikuwa na mume; mimi namkumbuka kwa sababu mchoraji hasahau maua aliyoyachora, hiyo ndiyo laana ya kazi. Alichoka kuuliza, maskini, akaja akaniambia, shoga, malizia tu nipumzike. Nikamalizia. Sasa ukimtajia mume anacheka kweli kweli, anakwambia, "Mimi niolewe na nani na mdomo huu?" Lakini kila alasiri akipika kahawa anatoa vikombe viwili, anamimina vyote, anakunywa kimoja, na kile kingine anakiangalia kinavyopoa. Nikipita ananiita nikinywe. Sikuwahi kukubali.

Mchoraji ni mimi. Jina langu lilikuwepo, na utaona lilivyokwenda.

*

Binti yangu aliitwa Mwanatumu. Anaitwa! Ulimi huu nao. Anaitwa Mwanatumu, ana mwanya, akicheka hafuniki mdomo. Kosa lake ni moja. Alikwenda Langoni, hakuuliza, hakusema, alibisha hodi. Hodi tu, kama nyumba ya jirani! Tangu mji uwe mji hakuna aliyefikiria kitu hicho. Nasikia Mjumbe alibaki mdomo wazi, na Mwanatumu akamwambia, "Sasa mlango usiobishwa hodi ni mlango au ni ukuta, kaka?" Halafu akaenda kununua chumvi.

Chumvi ninayo. Sijaitumia.

Nikawa nauliza. Kila asubuhi, iwe asubuhi ya kweli au ile inayorudi, nilisimama mbele ya Mjumbe, naye akasema, "Mama, unauliza au unasema tu?" nami nikasema, "Nauliza, mwanangu, na kesho nitauliza." Nilizoea macho ya ukuta. Nilijitia hamnazo. Nikirudi nilikuwa natetemeka mpaka meno, lakini nilijua: yupo, nimemweka siku moja zaidi. Mtu ni nini kama si swali lililomo mdomoni mwa mwingine? Nilikuwa nimembeba mwanangu mara ya pili, safari hii kinywani, na mimba ya kinywani haina mwezi wa kuzaa.

Asubuhi moja Mjumbe hakunisubiri. Alikuja yeye kwangu, kwapani kachukua turubai jeupe lililowambwa kwenye fremu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ua gani?"

"La boga."

Nilikaa chini. Sikuamua kukaa, nilijikuta nimekaa.

"La nani?" nikamwuliza.

"Mama, unaijua sheria. Mchoraji haulizi ua la nani. Ua likikwisha, mwenye ua amekwisha. Basi."

"Na nikikataa?"

Alitazama chini kwa haya. Haya ya kweli, wallahi, hilo ndilo linaloniudhi zaidi kwao. "Watampa yule fundi wa mtaa wa pili. Anayepaka kuta. Atalimaliza kwa brashi ya chokaa, Mama. Nilidhani wewe ungependa liwe zuri."

Ungependa liwe zuri! Ulimwengu huu ukikuua unakuuliza kwanza unapenda sanda ya rangi gani.

"Usiache doa bila rangi," akaongeza mlangoni. "Wanazijua hila zote. Wanapapasa kila pembe kwa kidole."

*

Mchoro.

Nilikwenda jaani kulikata. Ua la boga linafunguka alfajiri na jua likikaza linajifunga, halifunguki tena. Ukilitaka ulitake mapema. Nililiweka kwenye kikombe cha maji, nikachukua penseli. Mchoro ndio wakati pekee wa uhuru katika uchoraji, kwa sababu penseli hufutika. Nikachora duara, nikaligawa, nikapata ncha za petali tano zilizoshikana chini kama kanzu. Nikafuta. Nikachora. Nikafuta mpaka turubai likaota manyoya. Nilikuwa nanunua muda, na ua kikombeni lilikuwa linauuza.

Bi Chausiku akachungulia dirishani. "Unachora nini, shoga? Boga! Loo, umefilisika, sasa unachora mboga."

Halafu akalitazama tena. Alikuwa anampenda Mwanatumu. Ndiye aliyekuwa akimsuka nywele Ijumaa, akimwacha alaze kichwa mapajani mwake hata baada ya kumaliza kusuka.

"La nani hilo?" akasema polepole, na mara ile akajishika mdomo. "Siulizi! Sikuuliza, nimesema tu. Mimi sina neno."

"Ingia ndani."

"Siingii. Shoga, fanya utakavyofanya, lakini mimi usinitie." Akaondoka huku analia, maana nilimsikia akipenga kamasi hadi kwake.

Sikumlaumu. Woga wake ni wa mtu ambaye kuna kitu kilikatwa ndani yake na hajui ni kitu gani. Anajua tu kwamba panauma.

*

Kivuli.

Anayejua kazi haanzi na njano. Njano ni rangi dhaifu, haifuniki, inaonyesha kila kilicho chini yake. Kwanza unaweka giza: kahawia na buluu kidogo, maji mengi, unalipitisha mahali ambapo petali zinakunjamana, na ndani kooni mwa ua. Ukilitazama wakati huo si ua. Ni jeraha lenye ncha tano.

Hapo mkono wangu ulianza kuwa wa mama yangu. Sikushangaa, mji wetu ndivyo ulivyo. Niliona mishipa yake, pete yake ya shaba. Nikaona jaa, na mwanamke ameinama anachimba kwa kijiko, na kitoto kimefungwa mgongoni, na sikujua kitoto ni mimi au ni Mwanatumu, wala mwenye kijiko ni mama au ni mimi. Harufu ya majivu yenye unyevu. Vicheko nyuma. Yule mwanamke alisema, wacheke, boga halichagui mahali. Sauti ilikuwa yangu. Au nitasema hivyo siku moja. Nikageuka kuchovya brashi na kivuli kikawa kimeshakauka.

Nisikilize. Najua unataka niendelee na ua. Lakini niambie, nani aliwapa haki ya kusema jambo limekwisha? Mimi nimechora maisha yangu yote na sijawahi kuona picha iliyokwisha. Nimeona picha zilizonyang'anywa tu. Kumaliza si kazi ya mikono, ni amri. Mtu mmoja anasimama mbali na kusema imetosha, na kuanzia hapo kilichobaki hakina haki ya kuwepo. Huo ndio utawala wote, hakuna mwingine. Bunduki ni mapambo yake.

Nyeupe.

Juu ya kivuli, pale mwanga utakapoangukia, unaweka nyeupe nzito ili njano ipate pa kusimama. Niliiweka huku nikilitaja jina lake. Mwanatumu kwenye petali ya juu. Mwanatumu kwenye ya kushoto. Nikawa napulizia maji kwenye kibao cha kuchanganyia rangi isikauke, napulizia, napulizia, mpaka rangi ikawa uji na ikanidondokea miguuni. Ua kikombeni lilikuwa limeanza kulegea.

Njano.

Njano ya kwanza ilikaa vibaya. Ya pili ikashika. Ya tatu, nikaichanganya na chungwa kidogo kuelekea kooni, na loo! Likawaka. Sijawahi kuchora kitu kizuri namna ile, na nililia kwa uchungu kwamba nimekiweza. Nikatia mistari ya kijani inayopanda katikati ya kila petali, myembamba. Nikatia vinyweleo vya shina, na ule ukamba unaojisokota kutafuta pa kushika. Nyuma nikajaza weusi hadi pembeni, kila pembe, kwa sababu ya kidole chao. Pakabaki mahali shina linapokutana na ua. Padogo kama ukucha.

Na hapo ndipo nilipoliona.

Ua hili ni la nani?

Siulizi kama Mjumbe anavyokataza. Nauliza kama mtu anayetazama. Jaa moja, maboga yaleyale, vitovu viwili. Wenye Lango walio na bustani hawakuwahi kufikiria kwamba kuna watu hawana hata mahali tofauti pa kuzikia vitovu vyao. Kwao kila mtu ana ua na kila ua lina mtu. Waliagiza ua la boga, na wenye ua la boga mji huu tuko wawili.

Na boga, mtu yeyote aliyelala njaa anajua, lina maua ya namna mbili. Moja linasimama juu ya kikonyo kirefu kitupu. Jingine, chini yake pana kiboga kidogo, duara, cha kijani, ua likiwa bado bichi. Hilo lina kitu linachokibeba. Hilo ni mama.

Nilicheka peke yangu chumbani. Liwalo na liwe! Nikachukua brashi ndogo kuliko zote, kijani, njano kidogo, tone la nyeupe kwa mng'ao, na pale palipobaki nikachora kiboga. Nikakinenepesha shavu. Watamtafuta katika ua hili na hawatamkuta, maana mwanangu hajazaa. Watanikuta mimi. Waniondoe mimi, vinywani, vichwani, popote watakapo, na jina lake libaki bila kuguswa hata na unywele wa brashi.

Niliona nimewaweza. Nakwambia ukweli, nilijiona mjanja.

*

Mjumbe alikuja rangi ikiwa bado mbichi. Akapapasa pembe moja baada ya nyingine, akafika kwenye kiboga, kidole kikasita.

"Na hiki, Mama?"

"Ndivyo ua la boga lilivyo."

"Sikujua." Alikuwa mtoto wa nyumba zenye waridi, angejulia wapi? Akalitazama kwa muda. "Zuri sana. Wallahi, Mama, ni zuri mno. Mama, nilitaka tu kukwambia kwamba mimi binafsi si..."

Akriliki ikikauka inazidi weusi kidogo. Mtu asiyeijua kazi hawezi kuona. Mimi niliona kiboga kikiiva kwa kivuli chembamba, na Mjumbe akaacha sentensi yake katikati, akatazama kiti nilichokalia, akatazama mlango, akakuna kichwa.

"Nyumba hii haina mtu," akasema. Akabeba picha, akatoka.

Nilimfuata mbio. Sikuona huzuni, nilikuwa na haraka. Asubuhi ilikuwa haijakwisha na mimi sijauliza. Nilifika Langoni akiwa anaketi. Nikasimama palepale ninaposimama siku zote, nikasema kwa sauti kubwa, mwanangu Mwanatumu yuko wapi? Nauliza!

Alikuwa anapangusa kiatu.

Nauliza!

Akahamia kiatu cha pili. Ukuta haukunitolea macho. Nilisubiri yale macho niliyoyaogopa, niliyatamani, nikaugonga ukuta kwa viganja, nikabisha hodi kama mwanangu, hodi, hodi jamani, na hapakuwa na sauti. Ndipo nilipoelewa nilichokifanya, mjanja mimi. Niliokoa jina nikaua mdomo. Maadamu kuna mdomo mmoja, ndivyo sheria inavyosema. Mdomo wenyewe ulikuwa ni mimi.

Alasiri Mjumbe alipita mtaani kwetu, nikiwa nyuma yake, maana sina kwingine pa kwenda. Bi Chausiku alikuwa barazani, anapuliza makaa. Dele la kahawa linachemka. Mbele yake, juu ya mkeka, ametoa vikombe. Niliviona kutoka mbali, nikavihesabu: vilikuwa vitatu.

"Bwana Mjumbe," akasema.

"Naam, Bi Chausiku."

"Yule binti. Mwanatumu, yule mwenye mwanya." Alisema jina lake! Zima, bila doa. "Nilikuwa namsuka. Mpaka leo hajaonekana, au?"

Mjumbe akasimama. Shati lake halikuwa na kunyanzi hata moja. "Unauliza," akasema kwa upole uleule, "au unasema tu?"

Nilipiga magoti kando ya Bi Chausiku. Sema unauliza, shoga. Neno moja. Utatetemeka kidogo kisha utazoea, mimi nilizoea. Mkono wake ulikuwa umeganda juu ya dele. Alitazama kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu, na kwa kitambo nilihisi kwamba analitafuta neno lenyewe kwenye vile vikombe. Midomo yake ikajikunja kulitoa.

"Aa, nasema tu," akasema. "Mimi nani yake hata niulize? Jirani tu. Nilikuwa nafikiri, angekuwa na mama, si mama yake angeuliza."

"Angeuliza," akasema Mjumbe. "Kwa heri, Bi Chausiku."

Niliweka mdomo wangu sikioni mwake nikapiga ukelele mpaka koo likapasuka. Anaye! Ana mama! Uliza wewe, Chausiku, uliza wewe tu!

Akajikuna sikio, akamimina kahawa katika vikombe vyote vitatu, akanywa kimoja.